G-Shock ya laki na tisini au Seiko 5 ya laki saba na themanini?

SWALI: Naishi Majengo hapa Moshi. Nimebeba mizigo mlimani miaka kadhaa, na msimu huu naanza kazi ya mwongozaji msaidizi. Nataka kununua saa moja ya maana. Duka moja la mjini limenitajia Casio G-Shock DW-5600E kwa shilingi 190,000 na Seiko 5 Sports SRPD55, otomatiki, kwa shilingi 780,000. Sokoni kuna G-Shock za 35,000, na Seiko 5 za zamani za 120,000 zinazong'aa kama zimetoka kiwandani jana. Tofauti ya bei inatokana na nini? Seiko itauhimili mlima? Nichukue ipi, maana nitaivaa pia kanisani na kwenye harusi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kazi unayoianza chukua G-Shock. Seiko 5 ni saa nzuri na siku ukiwa na fedha ya ziada utaifurahia, lakini isiwe saa ya pekee ya mtu anayepanda Kibo mara kwa mara. Zile za sokoni ziache zote. Sababu nitakupa moja moja, kwa kuwa ukishazijua unaweza hata kunikatalia na ukawa sahihi, iwapo siku zako nyingi zitakuwa za mjini kuliko za mlimani.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu akiona saa moja inauzwa mara nne ya nyingine, anadhani ile ya ghali inashika majira vizuri zaidi. Hapa ni kinyume kabisa. Ndani ya DW-5600E kuna kipande kidogo cha kwatsi, jiwe ambalo likipitishiwa umeme wa betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa hesabu hiyo kwa mbili, mara kumi na tano mfululizo, likabaki pigo moja kwa sekunde. Casio wanaahidi saa hiyo isizidi wala isipungue zaidi ya sekunde 15 kwa mwezi. Seiko uliyotajiwa ina mashine inayoitwa 4R36. Haina betri. Inaendeshwa na kamani, ile springi kuu iliyojikunja ndani ya pipa lake, na mwendo wake unapimwa na gurudumu la mizani linalokwenda huku na huko, mapigo 21,600 kwa saa moja, yaani sita kwa sekunde. Kiwango cha Seiko kwa mashine hiyo ni kati ya sekunde 45 mbele na sekunde 35 nyuma kwa siku. Nasema kwa siku, si kwa mwezi. Nyingi zikivaliwa kila siku hufanya vizuri kuliko hapo, lakini hicho ndicho unachoahidiwa. Yako ikiangukia ukingoni mwa kiwango, safari ya siku saba itakurudisha getini ikiwa mbele kwa dakika tano na ushei, na hakuna atakayekubali kuiita mbovu.

Basi hiyo 780,000 inalipia nini? Inalipia bodi na mkanda wa chuma cha pua, na mashine yenye vito 24. Vito hivyo si vya urembo: ni vipande vigumu vya rubi ya kutengenezwa ambamo ncha za magurudumu huzunguka bila kusagika upesi. Inalipia vipande vingi vidogo vya chuma vinavyopaswa kukaa mahali pake kwa usahihi mkubwa. Na inalipia jambo ambalo watu hawalioni dukani, kwamba fundi anaweza kuifungua mashine hiyo yote, akaiosha, akaitia mafuta na kuifunga tena, na kazi hiyo ikarudiwa kwa miongo. Enzi fulani bei zilikuwa zimepinduka. Seiko walipotoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa duniani, tarehe 25 Desemba 1969, bei yake ilikuwa yen 450,000, karibu na bei ya Toyota Corolla mpya wakati huo. Kwatsi ilishuka bei kwa kuwa saketi zimezidi kuwa rahisi kutengeneza, wakati gurudumu la mizani halijawahi kurahisika kiasi hicho.

Kwa hiyo unapolinganisha hizi mbili usiulize ipi ni bora kwa jumla. Uliza ipi itakuwa inafanya kazi, na inasema kweli, wakati wewe unaihitaji.

Chukua usiku wa kileleni. Wageni wako wanatoka kambi ya Barafu au ya Kibo Hut karibu saa sita ya usiku, na mtu wa kuamsha wapishi ili chai iwe tayari kabla ya hapo huenda akawa wewe. G-Shock ina kengele. Seiko hii haina kengele ya aina yoyote. G-Shock ina kipima muda cha kurudi nyuma: unaweka dakika tano za mapumziko, ikilia mnasimama, maana kikundi kikikaa dakika kumi na tano kwenye upepo ule, miili imepoa na kuwainua tena ni kazi. Kwa Seiko unaweza kufanya karibu hivyo hivyo kwa kuzungusha pete ya juu ya kioo, ukaipeleka ile alama yake ya nukta ielekeane na mshale wa dakika, kisha ukahesabu mshale umesogea kiasi gani. Inafanya kazi, ila lazima wewe ukumbuke kuangalia. Tahadhari moja kuhusu G-Shock: zima mlio wake wa kila saa kabla ya kulala kambini. Hema la jirani linasikia.

Kuhesabu mapigo ya moyo ya mgeni aliyechoka, zote mbili zinafaa. Kwenye Seiko hesabu kwa mshale wa sekunde kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Kwenye G-Shock tumia saa ya kusimamisha.

Kuna jambo moja ambalo Seiko inashinda, nalo linatuhusu sisi hasa. Mwongozaji anaishi ndani ya hesabu mbili za saa: kwa mgeni anasema saa moja ya Kizungu, kwa wapishi na wapagazi anasema saa saba. Saa ya mishale haikusumbui. Jicho letu limezoea kusoma upande wa pili wa mshale mfupi tangu utotoni. Saa ya tarakimu inakulazimisha kujumlisha au kutoa sita kichwani, na usingizini mtu hukosea. Ukichukua G-Shock, iweke kwenye mfumo wa saa 24. Hapo 23:00 haiwezi kudhaniwa kuwa ya asubuhi, na ukitoa sita unapata 17, ukitoa kumi na mbili tena unapata saa tano usiku. Baada ya safari mbili tatu utaisoma bila kuhesabu.

Sasa mlima wenyewe. Watu huogopa mwinuko, kwamba kule juu hewa ikiwa nyepesi saa itapasuka au itaingiza kitu. Si kweli. Kwenye mita 5,895 mkandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na tofauti hiyo ni ndogo sana kwa saa iliyofungwa vizuri. Adui ni baridi, maji, vumbi na mapigo.

Baridi inazigusa zote mbili kwa njia tofauti. Kwenye G-Shock, kimiminika kilicho ndani ya skrini huwa kizito, tarakimu zinabadilika kwa uvivu na taa inafifia kwa kuwa betri nayo imepoa. Ikipata joto inarudi kama kawaida. Kwenye Seiko, mafuta ndiyo huwa mazito, gurudumu la mizani linapunguza upana wa mzunguko wake, na saa inaanza kukimbia au kuchelewa nje ya tabia yake. Seiko wanaitaja 4R36 kuwa ya kutumika kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na nyuzi 60 juu yake, na usiku wa kileleni unaweza kushuka chini ya hapo. Dawa ni moja kwa zote: ivae chini ya mkono wa jaketi, juu ya ngozi. Mkono wako unaipa joto la kutosha. Anayeifunga saa juu ya jaketi ili aione kwa urahisi, au kuitundika kwenye nguzo ya hema usiku, ndiye anayeona maajabu. Ukilala, iache mkononi au itie ndani ya mfuko wa kulalia.

Maji: G-Shock imeandikwa mita 200, Seiko hii mita 100. Mvua ya msituni ukitokea Machame haiwezi kuingia kwenye yoyote kati ya hizo ikiwa mpya. Lakini kinobu cha SRPD55, kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo, kinasukumwa tu ndani. Hakifungwi kwa kuzungushwa kama skrubu. Kikiwa kimevutwa hata kidogo, zile mita 100 hazipo tena. Kila ukishaweka saa sawa, kisukume mpaka kikae, kisha kipapase kwa kidole. Na zote mbili usioge nazo maji ya moto baada ya kushuka. Mvuke na joto hulegeza raba za kuzuia maji, kisha saa ikipoa ghafla unyevu unavutwa ndani. Ukiona ukungu chini ya kioo usioondoka baada ya muda mfupi, peleka kwa fundi siku hiyo hiyo. Kwenye mashine ya chuma, kutu haisubiri wikendi.

Mapigo ndipo G-Shock ilipozaliwa. Mhandisi wa Casio, Kikuo Ibe, alilenga saa itakayoanguka mita 10, ikahimili maji ya mkandamizo wa bari 10, na betri yake ikadumu miaka 10. Ya kwanza ikatoka mwaka 1983, na umbo la mraba la 5600 linatokana na hiyo. Ukiishika mkononi utaona kioo kimezama kidogo chini ya ukingo wa ganda, hivyo ukiilaza kifudifudi juu ya jiwe, kinachogusa jiwe ni ganda, si kioo. Vitufe navyo vimejificha. Seiko ina kinga yake ya mapigo kwenye ncha za gurudumu la mizani, inaitwa Diashock, na inatosha kwa maisha ya kawaida na hata kwa kutembea na fimbo. Haikukusudiwa kwa mtu anayepasua kuni au kugonga vigingi vya hema kwa jiwe kila jioni. Ncha ya mhimili huo ni nyembamba kuliko unywele. Ikipinda, saa inaendelea kutembea lakini kila ukiilaza upande tofauti inashika mwendo tofauti. Kioo cha Seiko ni Hardlex, kigumu kuliko kioo cha kawaida, ila kiko wazi juu na mwamba wa Barranco unakikwaruza. Vumbi la volkano nalo huingia chini ya ile pete inayozunguka, ikakaza au ikakwaruza. Loweka kichwa cha saa kwenye maji ya vuguvugu, kinobu kikiwa ndani, zungusha pete taratibu, piga brashi laini ya meno.

Uzito pia uutazame. DW-5600E ina takriban gramu 52. SRPD55 ikiwa na mkanda wake wa chuma inapita gramu 150, na mkono ukivimba kidogo kule juu, mkanda wa chuma hauongezeki. Ukitaka kupanda na Seiko, nunua mkanda wa nailoni wa milimita 22 na uubadilishe kabla ya safari.

Kitu kingine kinachoharibu G-Shock bila watu kujua ni dawa ya mbu yenye DEET na krimu ya jua. DEET inalainisha plastiki za aina nyingi. Ukijipaka, nawa mikono kabla ya kugusa saa, na jioni isuuze kwa maji baridi. Hata ukiitunza, ganda na mkanda wa plastiki hiyo huchoka baada ya miaka, hukauka na kukatika. Vinauzwa seti, na kubadilisha ni kazi ya bisibisi ndogo na pini mbili.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu betri, kwa sababu hapa ndipo G-Shock nyingi huuawa, na anayeziua ni haraka ya barazani. DW-5600E inatumia betri ya CR2016, inayodumu takriban miaka miwili. Ukianza kuona taa inafifia na skrini inazimika unapobonyeza taa, ujue muda umefika. Usiende mlimani nayo hivyo. Mfuniko wa nyuma unashikwa na skrubu nne ndogo. Fundi akizifungua, chini yake kuna raba nyembamba inayozunguka ukingo. Hiyo ndiyo inayozuia maji. Itolewe, ifutwe vumbi, ikaguliwe kama imebonyea au imechanika, ipakwe grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu, irudishwe kwenye mfereji wake. Ikikaa nusu ndani nusu nje, mfuniko unaibana, saa inaonekana nzima, na mvua ya kwanza inaingia.

Chini ya raba kuna springi ndogo sana iliyosimama kwenye tundu, ambayo mguso wake na mfuniko ndio unaotoa mlio. Ni ndogo mno na hurukia mbali. Ukiletewa saa yenye betri mpya na kila kitu kinaonekana lakini kengele haisikiki, springi hiyo imebaki mezani kwa fundi. Betri ikishaingia kuna hatua ya mwisho ambayo wengi huiruka: kwenye mashine kuna alama iliyoandikwa AC, na unagusanisha pale na upande wa juu wa betri kwa kibano cha chuma kwa sekunde mbili hivi, ili saketi ianze upya. Usipofanya hivyo skrini inaweza kuonyesha tarakimu zilizovurugika au isiwake kabisa, na mtu akaambiwa mashine imekufa auziwe nyingine. Skrubu zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Simama pale, tazama hatua zote. Ukiomba hivyo kwa adabu, fundi anayejua kazi hakasiriki.

Seiko haina mambo ya betri, ila ina mambo yake. Kuna kizito cha chuma kinachozunguka kwa mwendo wa mkono na kuikaza kamani, na ikiwa imejaa inatembea takriban saa 41 baada ya kuivua. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni ikiwa imejaa, Jumapili saa tano asubuhi inasimama. Kwa hiyo ukitaka kuifanya saa ya kanisani tu, zoea kuitia ufunguo asubuhi hiyo: kinobu kikiwa ndani, zungusha kwenda mbele mara 20 hadi 30, kisha uiweke saa. Seiko 5 za zamani zenye mashine ya 7S26 hazina uwezo huo; zilihitaji kutikiswa, wala mshale wao wa sekunde hausimami ukivuta kinobu. 4R36 inafanya yote mawili.

Tarehe na siku ndipo watu wanapovunja meno ya magurudumu. Usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Katika muda huo gurudumu la kusogeza tarehe limeshaumana na diski, nawe ukilazimisha, kitu kinakatika. Tatizo ni kwamba saa iliyosimama haikuambii kama mishale yake ni ya usiku au ya mchana. Fanya hivi. Vuta kinobu hadi hatua ya pili, zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe inabadilika. Hiyo ni saa sita ya usiku. Endelea mbele hadi mshale mfupi uwe kwenye tarakimu ya 6, ambayo sisi tunaisoma saa kumi na mbili asubuhi. Rudisha kinobu hatua ya kwanza. Upande mmoja wa kuzungusha unapeleka tarehe, upande wa pili unapeleka siku. Weka tarehe na siku ya jana. Vuta tena hatua ya pili, peleka mbele mpaka siku mpya iingie, kisha endelea mpaka saa ya sasa. Kama ni jioni, mshale mfupi utapita kwenye 12 mara moja zaidi. Subiri simu yako ibadilishe dakika, sukuma kinobu ndani. Ukiruka hatua hizi, tarehe yako itakuwa inabadilika saa sita mchana.

Seiko ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, usikubali haraka kufunguliwa. Mara nyingi imeshikwa na sumaku: spika ya simu au ya redio, kifungo cha sumaku cha mkoba. Springi ya gurudumu la mizani ni nyembamba kama unywele, na ikipata sumaku mizunguko yake hunatana, ikawa kama imefupishwa. Isogeze karibu na dira ya kawaida; sindano ikicheza kupita kiasi, umepata mkosaji. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anaimaliza kwa dakika moja. Ili isirudie, iweke saa angalau sentimita 5 kutoka kwa vitu hivyo. Kama kosa lake ni lile lile kila siku, sema sekunde 20 mbele, huo ni urekebishaji tu: kuna kijiti ndani kinachosogezwa kidogo sana huku saa ikiwa juu ya mashine ya kupimia mapigo. Fundi akikuuliza pembe ya kuweka kwenye kipimo chake, kwa 4R36 ni nyuzi 53. Lakini kama dhamana haijaisha, irudishe dukani kwanza.

Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano inahitaji kuoshwa na kutiwa mafuta. Siku hizi mafundi wengine hupendekeza kuondoa mashine yote na kuweka NH36, ambayo ni mashine ndugu ya 4R36 isiyobeba jina la Seiko. Ni njia halali. Ila kinobu cha SRPD55 kiko karibu na tarakimu ya 4, si kwenye 3, hivyo diski za tarehe na siku lazima zihamishwe kutoka mashine ya zamani, la sivyo tarehe itasomeka imeinama dirishani. Mwambie kabla hajaanza.

Kuhusu zile za sokoni. G-Shock ya 35,000 si Casio. Tazama nyuma: DW-5600E halisi ina namba ya mashine 3229, imechongwa safi, wino hautoki kwa kucha. Washa taa gizani: ya DW-5600E ni mwanga wa bluu-kijani unaotanda skrini nzima sawasawa, siyo kijitaa kinachomulika kutoka kona moja. Hapa kuwa makini, maana toleo jipya la Casio, DW-5600UE, kweli lina taa ya LED na betri ya takriban miaka mitano. Basi herufi za nyuma, za boksi na za kadi zikubaliane, na taa iendane na herufi hizo. Ukikuta UE halisi kwa bei ile ile, chukua hiyo.

Seiko ya 120,000 inayong'aa mno mara nyingi ni bodi ya zamani iliyopigwa brashi, uso uliopakwa rangi upya, na ndani mashine ya miaka ya sabini au themanini iliyounganishwa kwa vipuri vya saa tatu tofauti. Zinatoka kwa wingi India. Angalia maandishi ya usoni kwa lenzi: herufi nene, zilizopinda, rangi kali ambazo Seiko hawakuzitoa. SRPD55 halisi nyuma yake imeandikwa 4R36-07G0, na kuna namba ya tarakimu sita ambayo ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi wa kutengenezwa. O, N na D zinasimama kwa Oktoba, Novemba na Desemba.

Harusini, ni kweli Seiko inapendeza zaidi na suti. Lakini zipime mkononi ukiwa na shati lako la mikono mirefu, kwa sababu zote mbili zina unene ule ule, milimita 13.4, na zote hukwama kwenye kofi iliyobana. G-Shock nyeusi ya mraba ni ndogo na tulivu kuliko G-Shock nyingine nyingi. Kanisani haimshtui mtu.

Kama duka lina GW-M5610, fikiria kuongeza fedha kidogo. Ni umbo lile lile, inachajiwa kwa mwanga, hivyo hakuna kufunguliwa kila miaka miwili. Usilipie tu ule uwezo wake wa kujirekebisha kwa redio: mawimbi yanatoka Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani, na huku hayatufikii. Chagua mji wa JED, Jeddah, ambao saa yake ni sawa na yetu. Na betri yake ya kuchajiwa ni CTL1616. Usikubali kamwe kuwekewa CR1616 ya kawaida kwa kuwa tu inaenea, maana ile haikuundwa kuchajiwa.

Ukilipa, dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba kamili ya toleo, si neno "saa" tu, na kadi ya dhamana yenye tarehe na muhuri wa duka. Kisha kabla ya safari yako ya kwanza ivae siku kumi. Kila siku saa mbili usiku ilinganishe na simu iliyojiweka majira kwa mtandao, uandike tofauti kwa sekunde. G-Shock haipaswi kupotea zaidi ya sekunde tano au sita katika siku hizo zote. Ikizidi hapo sana, irudishe ukiwa na karatasi yako mkononi.